Jina Lako Watalikumbuka: Namna ya Kusoma Minara ya Vita Afrika Mashariki

Ukishuka Posta jijini Dar es Salaam ukaifuata Barabara ya Samora, utamkuta askari wa shaba amesimama juu ya jiwe katikati ya kipilefti, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Watu humtumia kuelekezana njia. "Ukifika pale Askari, kata kushoto," wanaambiana, kisha kila mtu anakwenda zake. Kuvuka barabara hadi kwenye lile jiwe si kazi ndogo, maana magari hayasubiri msomaji, na nadhani ndiyo sababu mojawapo inayowafanya wakazi wengi wa jiji wazeeke bila kujua kilichoandikwa pale.

Kimeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, pamoja na herufi za Kiarabu. Mnara ulizinduliwa mwaka 1927, na ndugu zake wawili wako Nairobi na Mombasa. Ule wa Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, ulizinduliwa 1928 na una watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Mchongaji alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson. Maandishi yanasema kwamba ukumbusho huu ni wa wanajeshi wenyeji wa Afrika waliopigana, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya Mfalme na nchi yao katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mwisho kuna ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Sasa zunguka lile jiwe pande zote nne ulitafute hilo jina. Hutaliona hata moja.

Hapo ndipo penye fundo ninalotaka kulifungua. Tumezoea kuamini kwamba mnara wa kumbukumbu unatueleza lililotokea zamani. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini kila mnara una tarehe mbili, ya tukio na ya siku uliposimikwa, na mara nyingi ya pili ndiyo inayotueleza mengi zaidi. Jiwe la Samora linataja 1914 hadi 1918, ila aliyesema ni serikali ya 1927, kwa sababu zake za 1927.

Kwanza tutenganishe vitu ambavyo watu huvichanganya. Kuna kaburi, ambako mwili wa mtu umelala chini yako. Kuna mnara wa ukumbusho, ambao unaweza kusimama mbali kabisa na maiti yoyote. Chini ya yule askari wa shaba hajazikwa mtu. Halafu kuna kibao au jiwe la kihistoria, ambalo kazi yake ni kukuambia tu kwamba hapa, au karibu na hapa, palitokea jambo fulani. Kaburi lina mwenyewe. Mnara una aliyeugharamia. Kibao kina aliyekiandika, na huyu ndiye anayeruhusiwa kukosea kuliko wote.

Turudi kwa wapagazi. Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu ilipiganwa kwa miguu. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo, reli zilikuwa chache, na masika yaligeuza njia kuwa matope. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga kilipita juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe waliokufa wanakaribia laki moja, na waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengine wote waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Upande wa Wajerumani nao ulibeba mizigo yake vivyo hivyo, kwa vichwa vya watu wa nchi hii hii.

Mwaka 1917, vita ikiendelea, Uingereza iliunda tume ya kushughulikia makaburi ya wanajeshi wake duniani kote. Leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri hata kwa macho ya leo: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa ukumbusho, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Ndiyo sababu ukienda kwenye makaburi ya vita ya Taveta au Dar es Salaam unaona mawe yamepangwa sawasawa, meja jirani na mtu asiye na nyota hata moja.

Kanuni hiyo haikumfikia mpagazi. Tume yenyewe ilikiri hivyo katika ripoti yake ya mwaka 2021: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakitoka Afrika Mashariki na Misri. Huko nyuma maofisa walikubaliana kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam yakiwamo, yaachwe yarudi porini. Hoja yao ilikuwa kwamba Mwafrika hajui thamani ya jiwe la kaburi, hivyo sanamu moja katikati ya mji itatosha kwa wote. Sanamu hiyo ndiyo tunayokatia kushoto.

Kuna jambo jingine hapo linalonisumbua kila nikilifikiria. Maneno ya jiwe lile yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi na mshairi wa Kiingereza, ambaye pia alikuwa mshauri wa maandishi wa ile tume. Mwanawe wa kiume, John, alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, katika mapigano ya Loos, na baba alikufa 1936 bila kuoneshwa kaburi la mtoto. Kwa hiyo aliyeandika "wanao watalikumbuka jina lako" alijua vizuri uchungu wa jina lisilo na kaburi. Hata hivyo John jina lake lilichongwa. La mpagazi kutoka Ukamba au Usukuma halikuchongwa, ingawa daftari za kumwandikisha zilikuwapo.

Cha ajabu, ukumbusho mkubwa kuliko yote wa wapagazi haukujengwa na serikali yoyote. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kwenye ndimi za watu jina hilo likalainika, likawa Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, mahali zilipokuwa kambi zao. Leo mtu anakwenda Kariakoo kununua kitenge au simu, anapigana vikumbo na wabeba mizigo, na hajui kwamba jina la soko lenyewe ni la watu waliobeba mizigo mpaka wakafa. Jina halihitaji kupakwa rangi kila mwaka, na haliibiwi usiku likauzwe kama chuma chakavu.

Jina linaweza hata kulipindua jiwe. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, Uhehe, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikivamia kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wengine, askari zaidi ya mia mbili na wapagazi wao. Wajerumani walipoishika nchi walisimamisha mnara wa kumlilia Zelewski na watu wake, na bado uko, si mbali na barabara kuu ya kwenda Iringa ukitokea Morogoro. Miaka ikapita, Tanganyika ikajitawala, na jeshi la nchi huru likaipa kambi yake ya Dar es Salaam jina la Lugalo. Neno lililokuwa la msiba kwa upande mmoja likawa la fahari kwa upande wa pili, na jiwe halikuguswa. Huo, kwangu, ni ujanja mzuri kuliko nyundo.

Nyundo nayo ina historia yake. Kabla ya vita, katikati ya Dar es Salaam ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Miguuni pake alichongwa askari wa Kiafrika akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa, ikapelekwa Uingereza, na baadaye ikarudishwa kwa wenyewe, ikasimikwa Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Wanafunzi wa Hamburg wakaivuta chini kwa kamba 1967, ikarudishwa, wakaivuta tena 1968. Askari wetu wa shaba alikuja kujaza pengo lililoachwa na Wajerumani, na pengo huwa halijazwi bure. Bwana mpya alikuwa akitangaza kwamba sasa ni zamu yake kusimulia.

Zamu ya wenyeji ilichelewa, lakini ilifika. Songea, tarehe 27 Februari 1906, katika Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 kwa siku moja na kuwazika katika shimo moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Leo pale kuna Makumbusho ya Majimaji, kaburi la pamoja na kaburi la Mbano peke yake, na kila mwezi Februari watu hukusanyika kwa siku kadhaa, wazee wakiwa na ngao na mikuki. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama pale akaomba msamaha. Tofauti na sanamu ya Barabara ya Samora unaiona bila kuambiwa: hapa mnara una kaburi, kaburi lina ukoo, na ukoo bado unauliza kichwa cha babu yao kiko wapi. Bagamoyo nako, karibu na ufuko, kuna jiwe linaloonesha mahali Wajerumani walipowanyongea wananchi waliowapinga. Maneno yake ni makali, hayana staha ya kidiplomasia, na ukiyasoma unajua mara moja kwamba mwandishi wake alikuwa raia wa nchi iliyokwisha kujitawala.

Swali la nani kalipa lina uzito wake pia. Nairobi, kwenye kona ya Uhuru Park, kuna mnara wa Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga utawala wa Waingereza, uliozinduliwa Septemba 2015. Umejengwa kwa fedha za serikali ya Uingereza, sehemu ya makubaliano ya mwaka 2013 yaliyowapatia fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Jumla ya fidia na gharama ilikuwa pauni milioni 19.9. London ilisema inasikitika. Wanasheria wanajua umbali uliopo kati ya kusikitika na kukiri kosa, na wazee waliokuwa wakisubiri tangu miaka ya hamsini nao wanaujua. Lakini tazama sanamu yenyewe: mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ameutazama upande wake. Hawaangaliani kwa makusudi. Asiyemwona mwenzake usoni hawezi kumtaja akikamatwa na kuteswa. Aliyebuni hilo alikuwa amewasikiliza watu wa msituni, na fedha za mfadhili hazikumzuia. Hivyo usiharakishe kusema kwamba mwenye pesa ndiye mwenye maneno. Wakati mwingine yanampita.

Sasa makosa. Kibao huwa na nafasi ya maneno hamsini au sitini, na historia haitoshi humo, kwa hiyo lazima kitu kikatwe. Mfano mzuri uko Zambia, kando ya barabara ya Mpika kwenda Kasama, kwenye daraja la mto Chambeshi. Jiwe la pale linasema kwamba mahali hapo, Alhamisi tarehe 14 Novemba 1918, saa moja na nusu asubuhi, Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani Afrika Mashariki, alisikia kutoka kwa Hector Croad, afisa wa Kiingereza wa Kasama, kwamba mkataba wa kusimamisha vita umetiwa saini. Ni maandishi ya kupendeza kwa jinsi yalivyokamia dakika. Lakini Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba habari ilimfikia siku moja kabla, kupitia barua alizokutwa nazo mwendesha pikipiki wa Kiingereza aliyekamatwa na watu wake. Jiwe halisemi uongo; wawili hao walikutana kweli. Limechagua tu dakika yenye heshima, ofisa na jenerali wakizungumza, likamwacha mwendesha pikipiki nje. Limeacha pia jambo zito zaidi: vita ya Ulaya ilikuwa imekwisha tarehe 11, na katika siku zile za katikati wapagazi walikuwa bado wanatembea na mizigo. Askari zaidi ya elfu moja waliweka silaha chini rasmi huko Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba tu.

Burundi wana jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hupigwa picha pale wakiamini ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Walikutana Ujiji, Kigoma, chini ya mwembe. Tarehe iliyozoeleka ni 10 Novemba, ingawa shajara za wenyewe hazikubaliani. Mugere walipita baadaye wakalala. Jiwe lenyewe halikudanganya mtu, limetaja majina na siku, likanyamaza. Uongo ulijazwa na wasomaji, na waongozaji watalii hawakuwa na haraka ya kuurekebisha.

Je, sheria inavilinda vitu hivi? Hapa wengi hushangaa. Tanzania inategemea Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na sheria hiyo inalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyojengwa kabla ya 1863. Chochote kilichofuata, yaani karibu kila mnara niliouzungumzia hapa, kinahitaji kutangazwa na waziri ndipo kilindwe. Kenya, katika sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006, inatumia mwaka 1895, ule ambao Uingereza iliitangazia nchi ile himaya, kuwa mpaka wa vitu vya kale. Vingine huingia kwenye ulinzi kwa tangazo la Gazeti la Serikali. Maana yake ni kwamba jiwe la kijijini lililosimamishwa na wazee kwa mchango wao, likiwa halijatangazwa popote, linaweza kusombwa na katapila la upanuzi wa barabara na asiwepo wa kushtakiwa. Ukiwa na ukumbusho wa aina hiyo kwenu, andika barua kwa mamlaka ya mambo ya kale kabla wapima barabara hawajapiga alama ya X nyekundu.

Mimi nikisimama mbele ya mnara wowote huanza chini, siyo juu. Juu kuna sanamu, na sanamu imetengenezwa ili nivutiwe. Chini, kwenye kona, ndiko iliko tarehe ya uzinduzi na jina la aliyezindua. Nikishaipata najua anayezungumza. Kisha naangalia lugha: ipi imewekwa kwanza, ipi ina herufi kubwa, na kama tafsiri zinasema jambo lile lile. Naangalia vitenzi. "Waliuawa" ina muuaji. "Walipoteza maisha" haina. "Walijitolea" inawafaa watu waliokuja kwa hiari yao, na kwa wapagazi waliofungwa kamba shingoni neno hilo ni tusi. Mwisho nahesabu majina, na pale yalipo nayaangalia yalivyopangwa. Yakipangwa kwa vyeo, kuna mtu aliamua vyeo viendelee hata kaburini.

Januari 2025, Cape Town, katika bustani ya kale ya katikati ya mji, ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliotumikia jeshi la Uingereza kama vibarua na wapagazi katika vita ile ile na kufa humu humu barani. Mjenzi ni ile ile tume ya 1917. Hakuna askari wa shaba wala singe. Kuna nguzo za mti wa mvule zilizosimamishwa wima, kila mtu nguzo yake, na kwenye kila nguzo limechongwa jina na tarehe ya kufa. Ndugu wa marehemu wanapita katikati yake wakisoma moja moja, na wanapolifikia la kwao wanaliwekea mkono.